Maji ya Asha, Mabwawa ya Ruai

Msomaji mmoja wa Kayole ameniandikia swali ambalo, kwa jinsi alivyolitunga, linakaribia kuwa mashtaka. Ametazama filamu ya Pumzi kwenye simu, akaona watu wakikinga jasho na mkojo wao, wakavitia katika mtambo mdogo, kisha wakanywa kinachotoka. Anauliza mambo mawili. Je, jambo hilo linawezekana? Na kama linawezekana, mbona yeye na majirani zake bado wanapanga foleni ya mitungi ya lita 20 mbele ya mfereji ambao ratiba ya mgao inasema utatoa maji Jumanne, na Jumanne inapita ungali mkavu?

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, na limekuwa ndiyo kwa zaidi ya miaka 50. La pili litabidi lipitie Ruai, na njiani kuna mambo matamu kuliko jibu lenyewe, kwa hivyo naomba subira. Tuanze na filamu, maana nimegundua kwamba wengi wanaoitaja kwa heshima hawajaitazama, ilhali ni ya dakika 21 hivi.

Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, aliitengeneza mwaka wa 2009, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Utah, Marekani, Januari 2010. Mwaka huohuo ilishinda tuzo ya filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru mjini Cannes. Kabla yake alikuwa amejulikana kwa From a Whisper, iliyohusu shambulio la bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani hapa jijini, na wengi walitarajia aendelee kutusimulia yaliyopita. Yeye akaruka mbele, akatua miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo katika hadithi yake ni vita vya maji. Amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia kutokana na maji ya chupa: ikiwa tumekubali kununua maji, siku ya kununua hewa itakuwaje? Fedha zilichangwa na mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features, taasisi ya Goethe, na mfuko wa sanaa wa Changamoto. Watu wa Kenya wakazoea kuiita filamu yetu ya kwanza ya kubuni sayansi.

Hadithi sitaimaliza. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, hutunza makumbusho ya viumbe katika jumuiya ya Maitu, mahali pa ndani pasipo dirisha la kweli, ambapo kuota ndoto kunatibiwa kwa vidonge. Anatumiwa kijisanduku cha udongo na mtu asiyejitaja. Anaupima: una unyevu, hauna mnururisho. Anapanda mbegu, inachipua. Baraza linamnyima kibali cha kutoka nje. Anatoroka. Katika muda wote huo hakuna anayefungua kinywa kusema neno. Watu huandika, mashine ikawasemea. Nikiitazama hutamani siku moja DJ Afro aishike aisimulie kama anavyosimulia zile za mapigano kwenye vibanda vya muvi vya Dandora na Mathare. Filamu isiyo na mazungumzo ni uwanja mtupu kwake, na naamini Asha angepata jina jipya kabla ya dakika ya tatu.

Ilipigwa Afrika Kusini, na mmoja wa watayarishaji wake ni Simon Hansen, ambaye miaka michache kabla alikuwa mmoja wa waliotayarisha Alive in Joburg, filamu fupi iliyokuja kuzaa District 9. Kwa hivyo mkono uliojua kuweka mambo ya ajabu ndani ya mwanga mkali wa Afrika, bila kuyafanya yaonekane ya kuazima, ulikuwapo tayari. Ila bajeti ilikuwa ya filamu fupi. Wanuri alirudi darasani kwa wazee: alisoma mbinu za filamu za miaka ya 1950, hasa mandhari ya kuchorwa na ile ya kurusha picha kwa nyuma ya pazia. Mandhari ya kuchorwa ilifanywa hivi: mchoraji huchora mji mzima juu ya kioo, akaacha pengo lisilo na rangi pale waigizaji watakapopita, kamera ikatazama kupitia kioo hicho. Jicho huunganisha vipande viwili bila kuulizwa. Siku hizi kioo ni kompyuta, na pengo ni pazia la kijani nyuma ya mwigizaji, lakini hila ni ileile ya kulipa jicho nusu na kuliacha lijaze nusu. Majengo ya Maitu yaliyozama jangwani yalipatikana kwa njia ya aina hiyo, na hayajachakaa kama yalivyochakaa majengo ya filamu nyingi za gharama kubwa za mwaka uleule.

Haya, sayansi. Watu wa Maitu hukanyaga na kuvuta mashine za mazoezi ili kuzalisha stima. Hapo msomaji wangu hakuuliza kitu, lakini mimi nimeuliza, kwa sababu hesabu yake ni fupi na ya kikatili. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga kwa bidii ya kawaida hutoa wati 100 hivi. Akae kwenye kiti hicho saa 10, atakuwa ametoa uniti moja ya stima, ile unayoinunua kwa tokeni. Na ili aitoe ni lazima ale, tena ale sana, maana mwili hugeuza kama robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kama joto. Ugali huo unatoka wapi, filamu haisemi. Weka hiyo uniti moja kando, tutaihitaji.

Mkojo ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Takriban asilimia 95 yake ni maji tayari. Novemba 2008 chombo cha Endeavour kilipeleka kwenye kituo cha kimataifa cha anga mtambo wa kukeneka mkojo: pipa linalozunguka, shinikizo la hewa likishushwa ili maji yageuke mvuke kwa joto dogo, kisha vichujio, kisha tanuri la kuunguza harufu zilizobaki. Mei 2009, mwaka uleule wa Pumzi, wanaanga waliinua vifuko vyao wakanywa. Mwaka wa 2023 NASA ilitangaza kwamba mfumo huo umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji yote ya kituoni, jasho na unyevu wa pumzi vikiwamo. Na tusidhani ni mambo ya angani pekee. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukigeuza majitaka yake kuwa maji ya kunywa tangu 1968. Watu wamezaliwa, wameoa na wamezeeka wakiyanywa.

Basi mtambo wa Asha unawezekana. Ninapogombana na filamu, na nagombana nayo kwa mapenzi, ni kwenye jina lake. Inaitwa Pumzi, inahesabu kila tone la maji, lakini pumzi yenyewe haihesabu. Ukifungiwa na wenzako katika chumba kidogo kisichopitisha hewa, hewa ukaa mnayoitoa itawamaliza kabla ya kiu. Wahandisi wa anga hukadiria kwamba mtu mmoja hutumia gramu 840 hivi za oksijeni kwa siku. Nani anaitengeneza Maitu?

Njia ya mashine ipo, na ndiyo inayotumika kituoni kule juu: unapasua maji kwa umeme, upande mmoja unapata haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Kilo moja ya maji hutoa gramu 889 za oksijeni. Kwa hiyo pumzi ya mtu ya siku nzima ni karibu lita moja ya maji. Katika mji unaokunywa kwa matone, kila mkazi ana mdomo wa pili uliofichwa. Sasa rudisha ile uniti moja ya stima. Kupasua lita hiyo kunahitaji uniti 4 hivi, hata ukiwa na mtambo usiopoteza chochote, na mtambo wa namna hiyo haupo. Uniti 4 ni saa 40 za kukanyaga. Siku ina saa 24. Mtu wa Maitu angekanyaga usiku na mchana bila kulala ili apate pumzi ya kukanyagia, na bado angekuwa na deni, na kadiri anavyokanyaga ndivyo anavyohema zaidi.

Deni hilo haliwezi kufutwa kutoka ndani. Kila nguvu ya misuli ilipatikana kwa kuunguza chakula kwa oksijeni, na huwezi kuurudisha moto kuwa kuni kwa kutumia joto la moto uleule. Lazima mtu wa nje alipe, na mlipaji ninayemjua mimi ni jua. Mpokeaji wa malipo ni kitu cha kijani. Ndiyo maana naitazama filamu hii kama hadithi ya kutafuta spea moja iliyokosekana kwenye mtambo. Maitu ina vichujio, ina skrini, ina walinzi, ina vidonge. Haina jani.

Jiji letu linalo, na liko mwisho wa matatu za barabara ya Kangundo.

Choo cha Buruburu kikivutwa, cha Umoja, cha Donholm, kinachoondoka huteremka na mabomba yanayofuata bonde la mto Nairobi kuelekea mashariki. Sehemu yake hushughulikiwa Kariobangi; sehemu kubwa zaidi ya majitaka yanayokusanywa jijini huishia Ruai, kwenye mtambo unaoitwa bado kwa jina la Dandora. Abiria hufunga madirisha, kondakta akaendelea kuita. Anayethubutu kuchungulia huona mabwawa mapana ya mstatili, moja baada ya jingine, na ndege: bata maji, korongo, na wahamiaji wa kutoka Ulaya wakati wa baridi kwao. Wapenzi wa ndege wanayajua sana mabwawa hayo, na yameorodheshwa kimataifa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege. Hakuna tanuri, hakuna pipa linalozunguka. Kazi inafanywa na viumbe wa kijani wasioonekana kwa macho, walio katika kila tone.

Vitabu vya shule huwaita mwani. Mimi neno hilo silitaki hapa. Mwani ni ule wa Paje na Jambiani, unaofungwa kwenye kamba baharini na akina mama na kuanikwa. Ukimwambia mtu wa Zanzibar kwamba Ruai kuna mwani atakuuliza bei ya kilo. Nilijaribu kulidogosha liwe kimwani, nikakumbuka kwamba Kimwani ni lugha ya pwani ya kaskazini ya Msumbiji na wenyewe wapo. Vijimwani inasikika kama tusi. Nimeamua kusema vijani, kutokana na kijani, na mhariri akilifuta nitaliandika tena.

Majitaka huanzia bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 3 hadi 5, ambamo hamna oksijeni kabisa. Uzito hutua chini, bakteria wa gizani wakaumeng'enya, viputo vya methani vikapanda. Harufu mnayoifungia madirisha hutoka hapo. Baada ya siku chache maji husogea kwenye bwawa la pili, lenye kina cha mita moja na nusu hivi, na hapo ndipo pananipendeza kuliko mahali popote katika kaunti hii.

Fikiria depo ya soda za chupa. Sharti lake linajulikana mtaani kote: huna chupa tupu, hupati soda. Vijani ndio wenye depo. Soda ni oksijeni. Bakteria ndio wateja: wanakula uchafu wetu, wanateremshia na oksijeni, na kila wanapomaliza wanarudisha chupa tupu, yaani hewa ukaa. Depo inapokea chupa, inaijaza kwa nguvu ya jua, inaitoa tena. Kila upande unaishi kwa kile ambacho mwenzake angekitupa, na uchafu wa jiji unaliwa wakati biashara inaendelea. Hakuna anayepuliza hewa ndani ya maji kwa pampu, kama ifanyavyo miji tajiri kwa bili kubwa za stima.

Asubuhi na mapema mizani iko sawa. Kufikia saa nne jua limepanda na depo imeshika kasi. Inajaza chupa upesi kuliko wateja wanavyozirudisha. Kufikia saa sita kaunta haina chupa hata moja. Depo ya binadamu ingefunga ikaenda chakula. Hii haifungi, inaingia stoo. Stoo kuna chupa zilizopangwa ndani ya kreti, na kreti yenye chupa, katika kemia ya maji, inaitwa baikaboneti. Vijani wanachomoa chupa, wanaijaza, wanaitupa kreti sakafuni. Kreti tupu ndiyo haidroksidi, kitu kilekile kinachofanya maji ya sabuni ya mche yateleze vidoleni. Kreti moja si hoja. Lakini jua la Nairobi, karibu kabisa na Ikweta na zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, halina huruma, na stoo ni kubwa. Saa nane mchana kreti zimefika mlangoni. Maji yamekuwa ya alkali, na kipimo cha pH kimevuka 9.

Sasa wanaingia wageni. Hawa ni vijidudu vya kutoka matumboni mwetu, viumbe wa utumbo, waliolelewa gizani penye joto la kudumu na pH ya wastani. Hawakuja kununua, waliletwa na bomba. Wanajikwaa kwenye kreti, wanabanwa, hawapumui. Juu yao sakafu imelowa soda, maana oksijeni imezidi kiwango ambacho maji yanaweza kushika na inatoka kwa viputo. Mwanga ukiipiga oksijeni hiyo mbele ya rangi za kahawia zilizoyeyuka majini, huzaliwa chembe kali zinazotoboa ngozi ya bakteria. Kreti, soda na jua, kila kimoja peke yake kingewasumbua tu. Vikikutana vinaua. Wateja wa kawaida, waliozoea vurugu za depo, wanakaa pembeni na chupa zao.

Jua likizama depo inafunga. Wateja hawalali, wanakunywa akiba ya mchana, wanarudisha chupa, chupa zinapangwa tena kwenye kreti, stoo inajaa, sakafu inaonekana. Alfajiri soda imekaribia kwisha na pH imeshuka. Kisha kunapambazuka. Baadhi ya vijani, wale jamii ya Euglena, wana mkia na alama nyekundu ya kunusia mwanga, na hupanda na kushuka majini wakitafuta kina kinachowafaa, kama wenye depo wanaohamisha kaunta kulifuata jua. Na mabwawa ya mwisho, mapana na ya kina kifupi zaidi, yapo hasa kwa kazi hii ya kreti.

Kuna mgeni mmoja asiyezijali kreti. Ni kijidudu cha kipindupindu. Huyo anaipenda alkali kiasi kwamba maabara humwotesha kwa makusudi katika maji ya alkali ili wamtenge na wengine. Angefika bwawa la pili angestarehe. Lakini ili afike lazima apite lile la kwanza, lile la gizani linalonuka, na ndani yake kuna salfaidi, jamaa ya ile harufu ya yai viza, ambayo humuua kwa kiwango kidogo sana. Hivyo harufu ya Ruai ni sehemu ya dawa. Nikiwa ndani ya matatu hujikumbusha hivyo, kisha nami nafunga dirisha.

Yote haya ni kwa siku ya jua na bwawa lisilozidiwa na mzigo. Mawingu ya Julai hulegeza mambo, na tope likijaa chini maji hupita haraka kuliko inavyofaa. Tuendelee.

Kwa hiyo swali la pili la Kayole. Yanayotoka Ruai huingia mto Nairobi, mto Nairobi ukaingia Athi, Athi ukawa Galana, Galana ukawa Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Njiani watu wengi humwagilia kwayo mboga. Yasafishwe zaidi yarudishwe Kayole? Windhoek wanafanya hivyo, lakini Windhoek walitenga tangu mwanzo bomba la viwanda na bomba la nyumba. Kwetu kinachotoka Industrial Area na kinachotoka choo cha Umoja huishia kuchanganyika, na vijani hawana njia ya kula risasi wala kromu. Madini hayo hutua kwenye tope au hupita. Mtambo wa kunywesha mtaa si kitendawili cha sayansi. Kinachodaiwa ni bomba la pili, na bomba la pili ni suala la bajeti ya jiji. Wakati huo Ndakaini, bwawa lililokamilika 1994 kule Murang'a, linaendelea kubeba sehemu kubwa ya kiu ya jiji, na wenye mikokoteni wanaendelea kubeba iliyobaki.

Narudi kwa Asha, jangwani. Ana mche mmoja, chupa moja ya maji, na jua. Anapofika anapanda, anamwagia mche maji ya mwisho, anakamua hata jasho. Mtaalamu wa kilimo atasema jasho lina chumvi na mche mchanga hauipendi. Sawa, ni matone machache. Kinachonivutia ni anachofanya baadaye: anajilaza juu yake akaufunika kwa kivuli. Katika nchi kavu mche haufi kwa kukosa maji tu, hufa kwa kuyapoteza upesi kupitia majani na udongo uliochomeka. Miche mingi ya nyika huota chini ya mti mwingine au kichaka, na kivuli hicho cha miezi ya mwanzo huamua nani ataishi. Asha amekuwa kichaka. Kamera inapanda juu, mti unatoka pale alipolala, na kwa mbali inasikika ngurumo. Watazamaji wengi huona kafara. Mimi huona spea imefungwa mahali pake na mtambo umewaka.

Sidhani ni bahati kwamba mwaka huohuo wa 2009 Wanuri alitengeneza pia filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, For Our Land. Maathai naye alianzia Eastlands. Tarehe 5 Juni 1977 msafara ulitoka KICC ukaenda hadi uwanja wa Kamukunji, ukapanda miti 7, na hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa harakati yake ya Green Belt. Maathai mwenyewe aliandika baadaye kwamba mingi ya miti hiyo haikudumu na miwili tu ndiyo iliyobaki. Miwili kwa saba! Mtu aliyezoea kutunza miche nyikani hatashangaa.

Urithi wa filamu hii huandikwa kwa majina makubwa, na majina yapo. Wanuri na Nnedi Okorafor waliandika pamoja hadithi fupi, Rusties, ya roboti zinazoongoza magari Nairobi, iliyotoka 2016. Mwaka wa 2019 wawili hao walitangazwa kuwa wataandaa Wild Seed ya Octavia Butler kwa ajili ya televisheni. Wanuri alianzisha AfroBubbleGum, akitetea sanaa ya Kiafrika yenye haki ya kufurahisha bila kuhubiri UKIMWI na njaa, msimamo ambao nauunga mkono ingawa Pumzi yenyewe inahubiri kidogo. Muchiri Njenga alikuja na Kichwateli, mtoto mwenye televisheni badala ya kichwa akizurura jijini. Kutoka Rwanda, mwaka wa 2021, ikaja Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, yenye nyimbo, wachimba madini na kompyuta zilizokufa.

Lakini ndugu wa karibu kabisa wa Maitu, kwa macho yangu, hakupita mlango wa sinema. Cyrus Kabiru alikulia mkabala na jaa la Dandora, na kutokana na nyaya, vifuniko na vyuma vya kuokota akaunda miwani yake ya C-Stunners, ambayo imezunguka makumbusho ya dunia. Vaa moja utaona ni kifaa cha mtu wa kesho. Hakumwiga Wanuri na Wanuri hakumwiga yeye. Walichoshiriki ni mazoea ya jiji ambalo takataka yake hairuhusiwi kumaliza safari.

Wengi waliofuata Pumzi walichukua vumbi lake, mavazi yake, na ule ukimya. Mabomba yake hawakuyagusa. Sijaona bado filamu ya kubuni sayansi iliyowekwa kwenye mabwawa ya Ruai, na sielewi kwa nini, kwa sababu mandhari haihitaji kuchorwa: maji ya kijani hadi upeo wa macho, korongo wamesimama kama walinzi wa baraza. Atakayekwenda aombe kibali mapema, apange kupiga kati ya saa sita na saa nane mchana, pH ikiwa juu na viputo vinapanda, na asimpange mpiga sauti upande unakovuma upepo wa bwawa la kwanza.